Futi Nane za Katikati

Mwishoni mwa Agosti 1878, dhoruba iliitupa boti iitwayo Daisy kwenye ufuko wa Ziwa Victoria. Ndani yake walikuwamo wamishenari wawili wa Church Missionary Society, Alexander Mackay, fundi mitambo wa Kiskoti, na Charles Wilson, pamoja na mabaharia wao. Walikuwa wametoka Kageye, katika wilaya tunayoiita leo Magu, wakielekea kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Boti ilipasuka vibaya. Karibu yao hapakuwa na karakana, wala duka la mbao, wala fundi wa kuazima msumeno mkubwa.

Mackay akaikata ile boti. Aliondoa futi nane za katikati, akaivuta omo na tezi mpaka zikakutana, kisha mbao za kile kipande kilichoondolewa akazitumia kuziba matobo ya pande mbili zilizobaki. Kazi hiyo ilichukua wiki nane. Mwanzoni mwa Novemba Daisy ilitia nanga Buganda, ikiwa fupi kuliko ilivyotoka kiwandani Uingereza, lakini ikielea.

Nimesoma habari nyingi za vyombo vya maji vya karne ya 19, na karibu zote zinasifia ukubwa: mtumbwi mrefu kuliko yote, meli ya kwanza, mashua ya mfalme. Kisa cha Daisy kinakwenda kinyume na mkondo huo. Hapa mtu alijiuliza swali ambalo kila anayeingia majini hujiuliza, awe mvuvi wa Nkome au kijana wa Honolulu mwenye bodi ya kutelezea mawimbi kwapani: chombo changu kiwe na urefu gani? Jibu lake, siku ile, lilikuwa kupunguza.

Insha hii inafuata swali hilo katika kanda yetu ya ziwa. Naliandika nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya historia, mzaliwa wa Runzewe, mji usio na ziwa. Kwetu Bukombe samaki hufika kwa barabara. Dagaa huja kwenye magunia, sato na sangara huja kwenye matenga, wakipitia Chato na Bwanga. Basi wenzangu huniuliza mtu wa Runzewe anatafuta nini kwenye historia ya mitumbwi. Jibu langu ni kwamba urefu wa boti nyingi za kigeni zilizoelea kwenye ziwa letu haukuamuliwa ziwani. Uliamuliwa njiani, kwenye mabega ya watu wa nchi kavu.

Njia

Novemba 1874 Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo na msafara wa mamia ya watu. Miongoni mwa mizigo ilikuwamo boti iitwayo Lady Alice, iliyoundwa Uingereza kwa mbao nyembamba za mseda. Ilikuwa na urefu wa futi 40, yaani kama mita 12, upana wa futi 6, na kina cha inchi 30. Stanley aliagiza iundwe katika vipande vitano, kila kimoja futi 8, ili kibebwe na watu kisha viungwe ziwani.

Hesabu ilionekana nzuri kwenye karatasi. Vipande vilipofika Zanzibar, ikagundulika kuwa ni vizito na vipana mno kwa njia za msafara. Njia hizo hazikuwa barabara. Zilikuwa vichochoro vya kupita mtu mmoja nyuma ya mwenzake, vyenye miiba pande zote, na penye mto palikuwa na gogo la kuvukia, kama lilikuwapo. Seremala akavichonga upya, akavipunguza upana na kuvigawa zaidi. Kwa hiyo kabla Lady Alice haijaonja tone la maji ya ziwa, umbo lake lilikuwa limekwisha kubadilishwa na miiba ya Ugogo.

Mpagazi wa kawaida alibeba mzigo wa ratili 60 hadi 70, kati ya kilo 27 na 32. Nguo, shanga na waya wa shaba vingeweza kufungwa upya mpaka vifikie uzito huo. Boti haifungiki upya. Waliobeba vipande vyake walitembea wakiwa wamefungana kama ng'ombe wa jembe: mmoja akijikwaa, mwenzake anaumia. Msafara ulitumia siku 103 kufika Kageye, tarehe 27 Februari 1875, na njiani wengi walikufa kwa njaa, maradhi na mapigano, na wengine walitoroka.

Mwaka uliofuata Lady Alice ilifunguliwa tena. Kutoka Karagwe ikabebwa kuelekea kusini, ikapita Usui na nchi ya Wasumbwa, kisha ikaendelea hadi Ujiji, ambako iliwekwa kwenye Ziwa Tanganyika. Usui ndiyo pande za Biharamulo na Ngara. Nchi ya Wasumbwa ndiyo hii yetu ya Bukombe na majirani zake. Kwa hiyo boti ilipita katika nchi yetu ya miombo ikiwa juu ya vichwa na mabega, vipande vikifuatana kama siafu, kwa watu ambao wengi wao huenda hawakuwahi kuona chombo cha kwenda majini.

Wasumbwa wenyewe hawakuwa wageni wa kubeba mzigo mbali. Msiri, aliyejenga dola ya Garenganze huko Katanga na kuuawa Desemba 1891, asili yake ilikuwa Usumbwa. Watu wa upande huu walijua vizuri umbali ni nini, na mzigo ni nini, na kwamba kimo cha mzigo ni kimo cha njia. Hilo ni somo la kwanza la urefu: chombo kinaweza kuwa kirefu kadiri ya mahali kinapopaswa kupita kabla ya kufika majini. Hata leo, kijana wa mjini anayetaka bodi ndefu ya futi 9 huanza kwa kujiuliza ataipandishaje kwenye basi.

Maji

Njia ikishasema yake, maji nayo yanadai haki yao.

Ziwa Victoria ni pana sana lakini si la kina kirefu; wastani wa kina chake ni kama mita 40 tu. Upepo ukivuma juu ya maji mapana yasiyo na kina kikubwa, huinua mawimbi mafupi, yaliyosimama, yanayofuatana upesi. Hayafanani na yale marefu ya Bahari ya Hindi yanayokuja kwa nafasi, kama mtu anayepumua usingizini. Mawimbi ya ziwa yanakupiga kofi, na kabla hujajifuta uso yanakupiga jingine.

Urefu una faida zake katika maji. Mwingereza William Froude, aliyefanya majaribio ya vielelezo vya meli kwenye bwawa huko Torquay miaka ya 1870, alionyesha jinsi chombo kinachosukuma maji kinavyofungwa na wimbi kinalolitengeneza chenyewe. Chombo kifupi kinalifikia wimbi hilo mapema na kubaki kikihangaika kulipanda kama mtu anayepanda mlima usiokwisha. Chombo kirefu kinakwenda kasi zaidi kabla ya kufungwa. Kwa kanuni ya mabaharia iliyotokana na elimu hiyo, chombo cha futi 40 hufikia kikomo chake kwenye noti 8 na nusu hivi, na cha futi 72 kwenye noti 11 na zaidi kidogo. Mtumbwi mwembamba unaweza kukiuka kanuni hiyo kwa kiasi, lakini mwelekeo ni uleule: kwa nguvu ya kutosha, mrefu humwacha mfupi.

Hasara yake ni mgongo. Katika mawimbi mafupi chombo kirefu hujikuta omo iko juu ya wimbi moja na tezi juu ya jingine, katikati pakining'inia bila maji ya kupashikilia. Wimbi likisogea, mambo yanageuka: katikati panainuliwa, ncha mbili zinalegea. Ukikunja kijiti hivyo mara nyingi, unajua kinavyoishia.

Waganda na watu wa visiwa vya Sese walilijua jambo hilo bila bwawa la Torquay. Mtumbwi wao mkubwa haukuchongwa kutoka gogo moja. Chini uliwekwa mkuku wa gogo lililochongwa, na pembeni zikapandishwa mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mimea, kama mitepe ya Lamu ilivyoshonwa bila misumari. Chombo kilichoshonwa hulegea kidogo mawimbi yanapokikunja, badala ya kukatika. Mkubwa kuliko yote aliopima Stanley mwaka 1875 ulikuwa na urefu wa futi 72, karibu mara mbili ya Lady Alice, na upana wa futi 7 na inchi 3. Ulihitaji makumi ya wapiga makafi. Maji yaliingia kwenye mishono wakati wote, na palikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kuyakumba.

Ilikuwa mashine ya ajabu kwa kazi yake: kuvusha jeshi au ujumbe wa mfalme karibu na pwani, siku tulivu, mikono ikiwa mingi. Katikati ya ziwa, upepo ukigeuka ghafla, mikono hiyohiyo mingi iligeuka kuwa watu wengi wa kuzama.

Mikono

Hapa ndipo wateleza mawimbi wanapoweza kutufundisha, kwa sababu wao wamelifikiria swali la urefu kwa undani na kwa muda mrefu.

Kwa anayeanza, ushauri wa kawaida leo ni bodi ndefu, pana na nene, mara nyingi futi 8 au 9. Bodi kama hiyo ina maelezi mengi, yaani inambeba mtu bila kuyumba, na inaanza kuteleza wimbi likiwa bado dogo na la pole. Unapata muda wa kuinuka, kukosea mguu na kuurekebisha. Aliyebobea huchukua fupi, futi 6 hivi, kwa sababu kwenye wimbi lililosimama kama ukuta anahitaji kugeuka haraka, na pua ndefu ingezama mbele yake. Bodi fupi haisamehi. Inataka mkono wenye nguvu wa kupiga maji, mguu wenye uamuzi, na jicho linalosoma wimbi kabla halijafika. Mwenye bodi fupi siku ya mawimbi madogo hubaki amekaa majini kama chura, akiwatazama wenye bodi ndefu wakipita.

Kwa hiyo urefu una pande tatu: maji ya siku hiyo, mwili wa mtu, na ujuzi wake. Ukibadilika upande mmoja, jibu linabadilika.

Hawaii ya kale iliujua mgawanyo huu na kuuongezea wa nne. Palikuwa na bodi fupi, paipo, ambayo watoto waliilalia kwa tumbo. Palikuwa na alaia, nyembamba na ya urefu wa kati, iliyotumiwa na watu wengi kwenye mawimbi yanayovunjika. Na palikuwa na olo, ndefu na nene, ambayo inasimuliwa kuwa ilikuwa ya machifu. Jumba la makumbusho la Bishop, Honolulu, lina bodi zilizokuwa za chifu Abner Paki, za futi 16 hivi na uzito wa karibu kilo 70. Olo iliweza kudaka wimbi mbali baharini, likiwa bado mgongo laini wa maji, na kuteleza nalo hadi pwani. Kwenye wimbi linalovunjika kwa ukali ilikuwa mzigo. Cheo kilimpa chifu urefu. Ujuzi wa kugeuka katikati ya povu uliachiwa wenye mbao nyembamba.

Hata karne ya 20 ilipofika, mvutano huo haukwisha. Mwaka 1966 Mwaustralia Nat Young alishinda ubingwa wa dunia huko San Diego kwa bodi ya zaidi ya futi 9, ambayo wakati huo ilihesabika nyepesi na nyembamba. Mwaka uliofuata Bob McTavish na wenzake wakaanza kukata. Ndani ya miaka michache bodi zilishuka hadi futi 7 na chini yake, na mchezo ukawa mwingine. Wengi waliokuwa wazuri kwenye bodi ndefu walijikuta wanafunzi tena. Urefu ulipunguzwa kwa siku moja karakanani, lakini mikono ilihitaji miaka kuufuata.

Nikirudi ziwani na mgawanyo huo, vita vya mwaka 1875 kati ya Buganda na watu wa Buvuma vinasomeka tofauti. Mutesa alikuwa na mitumbwi 325 kwa hesabu ya Stanley aliyekuwapo, ikiwamo 230 iliyofaa kwa vita. Kwa wingi na kwa ukubwa hakuwa na mpinzani ziwani. Hata hivyo Wavuma, wenye mitumbwi michache zaidi, waliirudisha nyuma meli hiyo ya kivita tena na tena. Askari wa Mutesa walikuwa mashujaa wa nchi kavu. Walipiga makafi watu wa Sese. Askari wenyewe walikaa kama abiria wenye mikuki, na wengi waliogopa maji. Wavuma walizaliwa humo. Kilichowapungukia Waganda hakikuwa futi. Kilikuwa mikono iliyolingana na futi walizokuwa nazo.

Lady Alice nayo ilionja kipimo hicho, kwa njia ya kutisha. Tarehe 28 Aprili 1875, ikiwa na Stanley na mabaharia wake 11 tu, ilifika Bumbire, kisiwa kilicho leo katika wilaya ya Muleba. Watu wa kisiwa waliivuta boti hadi nchi kavu na kuchukua makasia yake. Baada ya saa kadhaa za mvutano, mabaharia waliisukuma kwa nguvu zao zote ikarudi majini. Bila makasia, waling'oa mbao za sakafu ya boti yenyewe wakazitumia kupigia maji. Futi 40 za mbao nyembamba, watu 11 waliweza kuzisukuma. Mtumbwi wa futi 72 wasingeuweza, na kisa kingeishia pale ufukoni.

Sitaki kisa hicho kibaki kama hadithi ya ushujaa. Agosti mwaka huohuo Stanley alirudi Bumbire akiwa na mitumbwi mikubwa ya Buganda na bunduki, akapiga risasi kutoka majini watu waliosimama ufukoni na silaha ambazo hazikuweza kumfikia. Waliuawa makumi, na hata Uingereza kwenyewe palizuka lawama. Boti fupi ilimwokoa. Vyombo virefu vikambebea kisasi. Anayezungumzia ukubwa wa chombo kana kwamba ni hesabu tupu ya maji na upepo ameiacha nje sehemu hii ya historia.

Reli na baada yake

Kilichovunja utawala wa mabega ni reli. Maadamu kila ubao ulibebwa na mtu, chombo cha kigeni ziwani kilibaki karibu na futi 40, au kiliteseka njiani. Meli William Mackinnon iliagizwa miaka ya 1890 kwa ajili ya Ziwa Victoria ikiwa vipande, ikahangaika miaka kadhaa kati ya Mombasa na ziwa, na ikaelea mwaka 1900 tu. Reli ya Uganda ilipofika ziwani Desemba 1901, meli ndefu zaidi zikafuata upesi.

Ziwa Tanganyika lilitoa mfano wa wazi zaidi. Reli ya kati ya Wajerumani ilipofika Kigoma mwaka 1914, waliweza kuleta meli nzima ya Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, ikafunguliwa na kupakiwa kwenye masanduku 5,000 hivi. Ilishushwa majini Februari 1915, ikiwa na urefu wa mita 71. Waingereza, ambao upande wao haukuwa na reli ya namna hiyo, walirudi kwenye kipimo cha zamani: boti mbili za injini, Mimi na Toutou, za futi 40 kila moja, zilizoburutwa kupitia milima ya Mitumba huko Kongo. Futi 40, urefu uleule wa Lady Alice. Sidhani kuwa ni bahati tu. Njia ngumu hutoa jibu linalofanana, hata ikipita miaka 40.

Boti hizo ndogo, zikiwa nyepesi na za kasi, ziliiteka meli ndogo ya Kijerumani Kingani tarehe 26 Desemba 1915, na Februari 1916 zikasaidia kuizamisha Hedwig von Wissmann. Götzen ilipojitokeza, kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alikataa kuishambulia. Alicheka na wengi kwa ubishi wake katika mambo mengine, lakini siku hiyo alijua urefu wa alichokipanda. Wajerumani wenyewe waliizamisha Götzen Julai 1916. Waingereza wakaiibua, na tangu 1927 ikaitwa Liemba.

Anayechagua na anayepanda

Nimetaja njia, maji na mikono. Kuna swali moja ambalo halimsumbui sana mteleza mawimbi, na ndilo lililonifanya niandike. Yeye huchagua bodi yake mwenyewe. Akikosea, pua itazama, atakunywa maji ya chumvi, atacheka, atarudi dukani. Anayechagua urefu na anayelipa kosa ni mtu mmoja.

Katika historia ya maziwa yetu, mara nyingi walikuwa watu wawili tofauti. Waliobeba Lady Alice hawakuulizwa kama futi 8 kwa kipande zinabebeka. Wapiga makafi wa Sese hawakuulizwa kama wanataka kwenda Buvuma. Ndiyo maana kisa cha Daisy kinanigusa: kwa mara moja, mwenye kukata alikuwa pia mwenye kupanda. Mackay hakuweza kumdanganya mtu kuhusu uimara wa boti ile, kwa sababu asubuhi iliyofuata yeye mwenyewe angeketi juu ya kiungo alichokishona.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, ikitoka Bukoba. Waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya 800 na 1,000, ilhali meli ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430 hivi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka mita chache kutoka gati la Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 220. Kipimo cha chombo kilikuwa kimeandikwa. Kilichokosekana ni mtu mwenye uwezo wa kusema hapana ambaye yeye au mwanawe alikuwa miongoni mwa waliosimama sitahani.

Uzani wa meli si jambo la urefu peke yake. Upana, uzito wa chini, mzigo wa juu na namna watu wanavyokimbilia upande mmoja gati linapokaribia, vyote vinahesabika. Lakini mantiki ni ileile ya bodi na mtumbwi: chombo kinakuwa sahihi kwa maji fulani, mzigo fulani na mikono fulani, na ukikitoa nje ya hapo, jina lililopakwa rangi ubavuni halikisaidii.

Februari 2023 meli mpya ya MV Mwanza ilishushwa majini Mwanza Kusini. Ina urefu wa mita 92.6, na imekusudiwa kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. Kwa futi ni zaidi ya 300, yaani zaidi ya mara saba ya Lady Alice. Nafurahi kuiona, shangazi zangu wanaofuata bidhaa Bukoba waliisubiri kuliko mimi. Kwa ukubwa wake, mawimbi mafupi ya ziwa letu hayatakuwa na nguvu juu yake kama yalivyokuwa juu ya Daisy.

Lakini urefu wa mita 92.6 hauhesabu abiria langoni. Hiyo bado ni kazi ya mkono wa mtu, mwenye kalamu na orodha, siku ya sikukuu, foleni ikiwa ndefu na kila mmoja akisema ana msiba nyumbani. Sisi wa Runzewe tutashuka basi Mwanza na kuingia kwenye foleni hiyo, tukiwa wageni wa maji kama wale waliopitiwa na vipande vya boti mwaka 1876. Haitupasi kujua elimu ya Froude. Inatosha tujue namba iliyoandikwa ukutani, tuhesabu vichwa, na tukiona vimezidi, tushuke.